NASABA YA VIPIMO: MIZANI HUPATA WAPI HAKI YA KUSEMA KILO?

Maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba, kuhusu haja ya kujua asili ya kila kigezo kinachotumika kulinganishia mizani, vipimo vya ujazo, vipimajoto na vifaa vyengine vya kupimia.



Katika mafunzo ya elimu ya vipimo duniani kipo kisa kimoja ambacho mahali pake hutajwa kuwa ni hapa Zanzibar. Kisa hicho husimuliwa kama mfano, si kama historia, lakini somo lake ni zito.

Inasimuliwa kuwa nahodha mmoja mstaafu aliweka makaazi yake juu ya kilima kinachoitazama bahari, na kila siku ifikapo saa sita mchana alifyatua mzinga. Mji mzima ukauzoea mlio huo na kuendesha shughuli zake kwa kuufuata. Siku moja mgeni alimwuliza nahodha anajuaje kuwa saa sita imetimia barabara. Nahodha akamwonesha saa yake ya baharini, akaeleza kuwa kila apitapo mjini huilinganisha na saa kubwa iliyomo dirishani mwa fundi saa. Mgeni akaridhika. Aliposhuka mjini akaingia kwa fundi saa, akamwuliza yeye huilinganisha saa yake na kitu gani. Fundi akajibu kwa fahari kuwa jambo hilo halimpi wasiwasi hata kidogo, kwani kila siku mchana huirekebisha saa yake kwa mlio wa mzinga wa nahodha.

Katika kisa hicho hakuna aliyesema uongo wala aliyefanya uvivu. Kila mmoja alilinganisha saa yake kwa uangalifu, na saa mbili hizo zilikubaliana siku zote. Hata hivyo zote mbili zingeweza kuachana na jua kwa saa nzima, na mji wote ukaachana nalo pia, pasina mtu kutambua. Makubaliano yao hayakuwa ushahidi wa usahihi, kwa sababu kila mmoja alimtegemea mwenziwe na hakuna aliyetegemea kitu kilicho nje yao.

Wataalamu wa vipimo wamelipa kosa la namna hiyo jina la visiwa hivi, wakaliita athari ya Zanzibar. Jina limetolewa kwa mzaha. Lakini maadamu ugonjwa umepewa jina la Zanzibar, ni haki dawa yake nayo ijulikane Zanzibar. Dawa hiyo ndiyo mada ya mazungumzo haya.

MAANA YA NASABA YA KIPIMO

Dawa hiyo kitaalamu huitwa ufuatilikaji wa kipimo. Kwa lugha ya nyumbani inaweza kuitwa nasaba. Mtu anayetaja nasaba yake humtaja baba, babu na baba wa babu hadi kufikia asili inayojulikana na kukubaliwa na wote. Jina moja likikosekana katikati, majina yote yaliyo nyuma yake hayamfai kitu, hata yakiwa ya watu wakubwa kiasi gani.

Kipimo nacho ni hivyo hivyo. Mizani ya kituo cha kununulia mazao imejaribiwa kwa jiwe la mkaguzi. Jiwe la mkaguzi limelinganishwa na jiwe la maabara, la maabara limelinganishwa na kigezo cha taifa, na kigezo cha taifa kimelinganishwa na asili ya kimataifa. Ili mlolongo huo uhesabiwe kuwa nasaba ya kweli, sharti utimize mambo matatu.

Kwanza, usikatike mahali popote. Pili, kila hatua iwe imeandikwa, kwani neno la mdomo halihifadhi tarakimu. Tatu, kila hatua itaje kiasi cha shaka kilichomo ndani yake, kwa kuwa hakuna upimaji usio na shaka hata kidogo, na shaka ya kila hatua huongezeka juu ya ile iliyotangulia.

Aidha, inafaa kutenganisha maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Ugezi ni kukilinganisha kifaa na kigezo kinachojulikana na kuandika tofauti iliyoonekana. Urekebishaji ni kukitengeneza kifaa ili tofauti hiyo ipungue. Uhakiki ni kuamua, kwa mujibu wa sheria, kama kifaa kinafaa kutumika katika biashara na kukitia muhuri. Kifaa kinaweza kufanyiwa ugezi bila ya kurekebishwa. Vile vile kinaweza kurekebishwa na mtu asiye na kigezo chochote, na hapo ndipo nahodha na fundi saa wanapozaliwa upya.

NGAZI ZA MAWE YA MIZANI

Jiwe la kilo 20 la daraja liitwalo M1 ni miongoni mwa mawe yanayotumika sana kujaribia mizani za biashara. Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, lijulikanalo kwa kifupi OIML, linaruhusu jiwe hilo likosee kwa gramu 1 tu, kwa kuzidi au kwa kupungua. Juu yake lipo daraja la F2, ambalo kosa lake kwa jiwe la uzito huo halipaswi kuvuka gramu 0.3. Juu ya hilo lipo F1, gramu 0.1. Kisha lipo E2, ambalo kosa lake halivuki gramu 0.03, yaani takriban uzito wa punje moja ya mchele katika kilo 20.

Kama inavyoonekana, kila ngazi ni sahihi kiasi cha mara tatu kuliko ile iliyo chini yake. Mpangilio huo umewekwa kwa makusudi. OIML inataka shaka ya ugezi wa jiwe lolote isizidi theluthi moja ya kosa linaloruhusiwa kwa jiwe hilo. Jiwe la M1 haliwezi kuhukumiwa na jiwe jengine la M1, kama vile mwanafunzi hawezi kumsahihishia mtihani mwenziwe wa darasa moja.

Ngazi hizo huwapunguzia watu gharama badala ya kuwaongezea. Si kila duka linalohitaji jiwe la thamani kubwa. Jozi moja ya mawe ya M1 iliyofanyiwa ugezi ipasavyo na kutunzwa vyema inaweza kujaribia mamia ya mizani. Kinachohitajika ni kila kifaa kisimame kwenye ngazi inayolingana na kazi yake, na ngazi hiyo iwe imeshikamana na iliyo juu yake.

ASILI YA KILO NA SOMO LAKE

Tarehe 20 Mei, 1875, mataifa 17 yalitia saini mjini Paris Mkataba wa Mita, na Ofisi ya Kimataifa ya Mizani na Vipimo (BIPM) ikaundwa huko Sèvres, karibu na Paris, nchini Ufaransa. Kuanzia mwaka 1889 asili ya kilo zote duniani ilikuwa silinda moja ndogo iliyohifadhiwa huko, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa platinamu asilimia 90 na iridiamu asilimia 10, yenye kimo na upana wa takriban milimita 39. Nakala zake zilipewa mataifa mbali mbali.

Silinda hiyo ilifunikwa kwa makasha ya kioo, ikafungiwa chumbani, na ilitolewa mara chache mno. Lakini ukaguzi uliofanywa kati ya mwaka 1988 na 1992 ulionesha kuwa katika muda wa miaka 100 hivi uzito wa nakala na ule wa asili ulikuwa umeachana kwa kadiri ya maikrogramu 50, yaani sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja za gramu. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa soko la Darajani, ila kilizusha swali lisilokuwa na jibu. Je, nakala ziliongezeka, au asili ilipungua? Kwa kuwa silinda hiyo yenyewe ndiyo iliyokuwa maana ya kilo, hapakuwa na kitu kilicho nje yake cha kuihukumia. Dunia nzima ilijikuta imesimama mahali pale pale pa nahodha na fundi saa.

Ilichukua miaka mingi kutoka hapo. Njia mbili tafauti zilitumika. Moja ilikuwa mizani maalumu inayolinganisha uzito na nguvu ya umeme, na nyengine ilikuwa kuhesabu atomu zilizomo ndani ya tufe la silikoni lililosafishwa na kusuguliwa kwa ustadi mkubwa. Njia hizo hazikutegemeana, na majibu yake yalipokutana ndipo yalipoaminika. Tarehe 16 Novemba, 2018, mkutano mkuu wa mataifa uliokutana Versailles ulikubali maana mpya, na ikaanza kutumika tarehe 20 Mei, 2019. Tangu siku hiyo kilo haitegemei kipande cha madini. Inategemea tarakimu isiyobadilika ya maumbile, iitwayo kigezo cha Planck, kama vile mita tangu mwaka 1983 inavyotegemea mwendo wa mwanga.

Somo la jambo hili kwa watumishi na wananchi ni moja. Ikiwa jiwe lililotunzwa kuliko yote duniani liliweza kutiliwa shaka, jiwe linalobebwa ndani ya gari, likashikwa kwa mikono yenye jasho na kukaa katika hewa ya chumvi ya bahari, haliwezi kuaminiwa kwa sura yake pekee.

MIZANI INAPOVUKA BAHARI

Lipo jambo jengine ambalo wakaazi wa visiwa hivi wanapaswa kulijua, kwa sababu linawagusa zaidi kuliko watu wa Ulaya. Mizani ya kizamani ya mikono miwili hulinganisha mzigo na jiwe, na vyote viwili huvutwa na ardhi kwa kiasi sawa. Mizani ya springi na mizani ya umeme hazifanyi hivyo. Hizo hupima nguvu ya mvuto wa ardhi juu ya mzigo, kisha huigeuza nguvu hiyo kuwa kilo.

Nguvu hiyo si sawa kila mahali. Dunia inazunguka, na imetanuka kidogo kwenye kiuno chake, yaani Ikweta. Kwa sababu hiyo mvuto mjini Paris ni kiasi cha 9.81 kwa vipimo vya wanasayansi, na Unguja, iliyo kwenye nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, ni kiasi cha 9.78. Tafauti hiyo haifiki sehemu 3 katika 1,000. Hata hivyo mizani ya umeme iliyorekebishwa Paris, ikaletwa Unguja na kuwekwa mezani bila ya kurekebishwa upya, itauonesha mzigo wa kilo 50 kuwa umepungua kwa takriban gramu 140.

Ichukuliwe mizani ya biashara ya kawaida yenye uwezo wa kilo 60 na mgawanyo wa gramu 20. Kwa mujibu wa OIML, mizani ya daraja hilo inapohakikiwa mara ya kwanza kwa mzigo wa kilo 50 haipaswi kukosea zaidi ya gramu 30, na inapokuwa kazini haipaswi kuvuka gramu 60. Kosa la gramu 140 limekipita kikomo hicho zaidi ya mara mbili. Mkulima mmoja wa karafuu mwenye gunia moja huenda asilione. Gunia 1,000 zikipita juu ya mizani hiyo, kilo 140 zitakuwa zimepotea, na hizo zinakaribia gunia tatu. Hizo ni karafuu zilizopandiwa, zikachumwa, zikachambuliwa na kuanikwa, na hakuna aliyeziiba. Kwa upande mwengine, mwenye duka anayeuza mchele kwa mizani kama hiyo hutoa mchele zaidi kuliko fedha anayopokea. Kosa la mizani halichagui maskini wala tajiri. Humdhulumu yule aliyesimama upande wake.

Cheti cha kiwandani kilichokuja na mizani hiyo hakikusema uongo. Kilisema kweli ya mahali pengine. Na iwapo mwenye mizani ataamua kuijaribu kwa mizani ya jirani yake, iliyotoka kiwanda kile kile na kuletwa kwa meli ile ile, mizani mbili hizo zitakubaliana vizuri sana, na zote zitakosea gramu 140. Dawa yake ni jiwe lenye nasaba, lililoletwa hapo hapo mizani ilipo, na mizani kurekebishwa kwa jiwe hilo.

Watu wazima husema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni kweli pale tu kibaba chenyewe kinapojulikana ukubwa wake.

HOSPITALI NA VITUO VYA AFYA

Sokoni kosa la mizani huchukua fedha, na fedha huweza kupatikana tena. Katika kituo cha afya kosa hilo huchukua kitu chengine. Dawa mseto ya malaria ya artemeta na lumefantrini, inayotumika katika nchi nyingi za Afrika, hutolewa kwa watoto kwa kufuata uzito. Mtoto aliye chini ya kilo 15 hupewa kidonge kimoja kila dozi. Aliyefikia kilo 15 na hajafika kilo 25 hupewa vidonge viwili. Dozi zote ni sita kwa muda wa siku tatu.

Ichukuliwe kuwa mtoto ana kilo 15.2, na mizani ya kuning'iniza ambayo springi yake imechoka ikaonesha 14.8. Kosa ni gramu 400, na mtoto huyo atapewa nusu ya dawa anayostahiki. Muuguzi amefuata mwongozo neno kwa neno. Mama naye amempa mwanawe dawa kwa wakati. Homa ikirudi, lawama itamwangukia mama, au itaiangukia dawa, wala hakuna atakayeitazama mizani.

Vile vile chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Baadhi yake, zikiwemo za homa ya ini aina ya B na pepopunda, huharibika zikiganda, na chupa iliyoganda kisha ikayeyuka inaweza isioneshe dalili kwa mtu asiyezoea. Kipimajoto cha jokofu kinachozidisha nyuzi 3 kitaandika 3 wakati ndani ni 0. Daftari la jokofu litakuwa safi kwa mwezi mzima, na chanjo huenda ikawa imekwisha nguvu.

Kwa kipimajoto upo msaada mwepesi. Barafu safi iliyopondwa na kuchanganywa na maji safi hukaa kwenye nyuzi 0, na kipimajoto kikitumbukizwa humo kwa dakika kadhaa hujulisha hali yake. Jaribio hilo huuliza maumbile badala ya kumwuliza jirani, na kwa hivyo lina faida kubwa. Hata hivyo linajibu swali la nyuzi 0 peke yake, na haliwezi kushika nafasi ya ugezi.

LITA NAYO INA WAZAZI

Mwananchi anaponunua petroli huamini lita zinazosomeka katika pampu. Pampu hujaribiwa kwa ndoo maalumu ya chuma yenye shingo nyembamba na mistari, kwa kawaida ya lita 20. OIML inaruhusu pampu ya mafuta kukosea kwa nusu asilimia, ambayo ni mililita 100 katika lita 20. Lakini ndoo hiyo ilijuaje kuwa ni lita 20?

Njia moja iliyo bora ni kuijaza maji safi na kuipima kwa mizani. Maji safi ya nyuzi joto 20 yana takriban gramu 998.2 kwa kila lita, na yakifika nyuzi 30 hupungua hadi takriban gramu 995.7. Kwa hivyo anayeipima ndoo hiyo lazima awe na mizani yenye nasaba na pia kipimajoto chenye nasaba. Lita ina wazazi wawili. Mmoja wao akiwa hajulikani, lita hiyo nayo haijulikani, hata ndoo ikiwa mpya na imepakwa rangi nzuri.

CHETI NA KARATASI YA KUBANDIKA

Katika ofisi na maabara nyingi kifaa hubandikwa karatasi ndogo yenye neno la kuonesha kuwa kimefanyiwa ugezi, na watu wakaridhika. Karatasi hiyo ni ukumbusho wa tarehe tu. Nasaba imo ndani ya cheti, na cheti kinachostahiki jina hilo kinapaswa kuonesha mambo yafuatayo:

(a) Jina la maabara na mahali kazi ilipofanyika.
(b) Namba ya kifaa chenyewe, ili cheti kisiweze kuhamishwa kutoka kifaa kimoja kwenda chengine.
(c) Tarehe ya ugezi na hali ya hewa ya mahali hapo, pale inapoathiri matokeo.
(d) Matokeo kwa tarakimu. Neno "kizuri" au "kimepita" peke yake halitoshi.
(e) Kiasi cha shaka kwa kila matokeo.
(f) Maelezo ya vigezo vilivyotumika na jinsi vinavyofuatilika hadi kwenye vigezo vya taifa au vya kimataifa.
(g) Saini ya aliyeidhinishwa.

Maabara zinazofanya kazi hiyo hupimwa uwezo wao kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, na zile zinazofaulu hupewa ithibati. Kwa nchi za Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, chombo kimoja kinachotoa ithibati ni SADCAS, chenye makao yake Gaborone, Botswana. Inafaa kukumbuka kuwa ithibati hutolewa kwa kazi maalumu. Maabara yenye ithibati ya uzito huenda haina ithibati ya joto. Anayepeleka kipimajoto chake huko lazima aulize kwanza.

Kuhusu vigezo vya taifa, mkataba uliotiwa saini mjini Paris tarehe 14 Oktoba, 1999, uliziwezesha taasisi za taifa za vipimo za nchi mbali mbali kutambuana vigezo na vyeti. Kwa ajili hiyo jiwe lililolinganishwa Pretoria, Afrika Kusini, halilazimiki kupelekwa Sèvres. Nasaba inaweza kupita njia nyingi, ilimradi kila njia iwe imeandikwa na imefika kwenye asili.

Kwa upande wa nchi hii, Shirika la Viwango Tanzania lilianzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 1975, na Taasisi ya Viwango Zanzibar ilianzishwa chini ya Sheria ya Viwango Namba 1 ya mwaka 2011. Taasisi yenye kifaa kinachohitaji ugezi inashauriwa kuanza kuulizia kwenye vyombo hivyo vya umma kabla ya kutafuta mbali.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, wakuu wa taasisi, wakuu wa vitengo na watumishi wanaokabidhiwa vifaa wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Kila kifaa cha kupimia kinachotumika katika biashara, tiba, ujenzi, maji au maabara za skuli na vyuo kiandikwe katika daftari maalumu pamoja na namba yake, mahali kilipo, tarehe ya ugezi wa mwisho na namba ya cheti.

2. Katika kuagiza kifaa kipya, gharama ya ugezi ihesabiwe tangu mwanzo, na mkataba utaje kuwa mizani za umeme zitarekebishwa hapa Zanzibar, mahali zitakapotumika. Kifaa kilichonunuliwa kwa bei nafuu bila ya kigezo cha kukijaribia ni kifaa cha nusu bei na nusu kazi.

3. Mawe ya kujaribia mizani yasitumike kupimia bidhaa za kila siku. Yawekwe katika makasha yake, yafutwe vumbi kwa kitambaa laini, na yale ya daraja la juu yashikwe kwa glavu au koleo. Hewa ya bahari huleta kutu, na kutu huongeza uzito kabla ya kuupunguza.

4. Jiwe lililoanguka, lililomeguka au lililofunguliwa kizibo chake lihesabiwe kuwa limekatika nasaba tangu saa hiyo, hata kama cheti chake kina miezi mitatu tu. Liwekwe kando hadi litakapolinganishwa upya.

5. Muda wa kurudia ugezi usiwekwe kwa mazoea. Vyeti vya miaka iliyopita vilinganishwe. Kifaa ambacho tarakimu zake hazibadiliki kinaweza kuongezewa muda, na kinachoyumba kipunguziwe.

6. Cheti kisomwe. Cheti kinachosema kuwa kipimajoto kinazidisha nyuzi 1.5 hakina faida yoyote kikifungiwa kabatini, na muuguzi akaendelea kusoma kipimajoto hicho kama kilivyo.

7. Pale vituo viwili vinapotofautiana, visipatanishwe kwa kugawana tafauti hiyo. Kitafutwe kigezo cha tatu chenye nasaba, na hicho ndicho kihukumu.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anapouza mazao au kununua mafuta ana haki ya kuuliza mizani au pampu ilihakikiwa lini na nani, na kuuonesha mashaka yake kwa sheha au kwa mkaguzi wa vipimo. Swali hilo halimvunjii heshima mfanyabiashara mwaminifu. Bali humpa fursa ya kuonesha uaminifu wake, kwani mtu mwaminifu mwenye mizani mbovu hawezi kutofautishwa na mdanganyifu mpaka jiwe la kweli liwekwe juu ya mizani yake.

HITIMISHO

Nahodha wa kisa kilichotajwa mwanzoni hakuhitaji mzinga mkubwa zaidi, wala fundi hakuhitaji saa ya bei kubwa zaidi. Ilitosha mmoja wao kulitazama jua lilipofika juu ya utosi wa kisiwa, akaandika alichokiona, na kumpelekea mwenziwe. Kwa hatua hiyo moja mduara ungefunguka na kuwa mlolongo, na mji wote ungepata saa sita ya kweli.

Mizani, ndoo na vipimajoto vilivyomo katika ofisi, maduka na hospitali za Unguja na Pemba vinangoja hatua kama hiyo. Kila anayekabidhiwa kifaa aulize kigezo chake kimetoka wapi, na kigezo hicho nacho kimetoka wapi, wala asinyamaze mpaka apate jibu lililoandikwa. Mkulima aliyeleta gunia lake, na mama aliyembeba mwanawe hadi kituoni, hawana njia ya kuuliza maswali hayo mpaka mwisho wake. Wamemwachia mtumishi wa umma awaulizie.